Vipimo Alivyoficha Baba Yako

Mikindani, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Selemani,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho gatini, mbele ya watu, na mbele ya watu mimi huwa sina maneno. Ndiyo maana nimekutuma Mtwara mjini ukanunue betri za redio, ingawa zilizomo bado zinalia vizuri. Nilitaka nyumba iwe tupu. Ukirudi bahasha hii itakuwa imeshafungwa, na nakuomba usiifungue mpaka meli iwe imetoka.

Shuka, dawa ya tumbo na korosho za kuwapa wenyeji wako vimo sandukuni. Hayo sitayarudia hapa. Mwandiko wangu uuvumilie. Kwenye chuo cha Kurani nilifundishwa herufi za Kiarabu, hizi nyingine nimezipata ukubwani kwenye darasa la watu wazima, na bado mkono unazikataa.

Jana ulikuwa unamweleza shangazi yako kazi unayoiendea Tanga. Nilikuwa jikoni, nasikia. Ulisema kiwandani watakuweka kwenye ofisi ya wachoraji, na kazi yako ya kwanza itakuwa kupeleka michoro: kwa wanaoyeyusha na kusubu chuma, kwa wanaokereza, kwa wanaounganisha, na nakala nyingine kwa viwanda wenzao vinavyowatengenezea vipuri. Shangazi akasema, "Kumbe umesoma kote huko uwe tarishi?" Ukacheka. Ukamwambia karatasi moja ikichelewa au ikiwa na kosa, watu wa vyumba mbalimbali wanatengeneza vitu visivyoingiliana. Halafu ukasema utaifanya kazi hiyo kama angeifanya baba yako.

Niliuacha mwiko chunguni nikatoka nje.

Baba yako umemjua kwa sifa. Fundi Athumani aliyebuni mashine ya kubangulia korosho, fundi ambaye hata maofisa wa kilimo walikuja kumwangalia akifanya kazi. Sifa hizo ni za kweli, sizipunguzi. Nimeishi naye, nimemzika, na nikisikia mtu anamsema vibaya bado damu inanichemka. Lakini kama unakwenda kufanya kazi ya michoro kama yeye, basi lazima ujue alivyoifanya.

Unakumbuka vidole vya bibi yako wa Mpapura. Mafuta ya ganda la korosho yalikuwa yameviunguza mpaka ngozi ikawa nyeusi na ngumu kama ganda lenyewe. Alikuwa anakaa na jiwe na kipande cha mti tangu asubuhi, na jioni hawezi kumega ugali wa moto. Baba yako alimwona hivyo siku alipokuja kuniposa. Nadhani alianza kuifikiria mashine ile kabla hata hajapata jibu la posa. Ilikuwa meza ndogo yenye visu viwili vilivyopindwa kufuata umbo la korosho. Mbanguaji anaweka korosho kati ya visu, anakanyaga kikanyagio kwa mguu, mkono wa chuma unashuka na kisu cha juu, ganda linapasuka, korosho inatoka nzima. Vidole havigusi mafuta.

Hakuweza kuitengeneza peke yake. Meza, nguzo ya mbao ngumu na kikanyagio alimpa Fundi Chilumba, seremala, Mmakonde, rafiki yake tangu ujana. Visu na mkono wa chuma alimpa Bwana Kessi, mwenye karakana karibu na barabara ya bandarini, kwa sababu ndiye aliyekuwa na tanuri na mashine ya kukereza. Kila mmoja alimchorea karatasi ya kazi yake tu. Chilumba hakuwahi kuona karatasi ya Kessi, wala Kessi ya Chilumba. Vitu vikishakamilika vinaletwa hapa nyumbani, na baba yako anajifungia chumba cha uani kuviunganisha. Hata mimi nilikuwa naacha maji mlangoni.

Niliwahi kumuuliza, "Mbona unajificha kama mtu anayepika gongo?"

Akanijibu, "Mama Selemani, mimi nimeshaibiwa mara moja. Inatosha."

Alikuwa ameibiwa kweli. Enzi za Mwingereza alikuwa kibarua kwenye karakana moja ya reli, akabuni namna ya kufunga breki za mabehewa. Msimamizi wake akamwomba aichore, akaichora kwa furaha. Wiki chache baadaye akasikia msimamizi yule anasifiwa kwa akili yake. Baba yako aliacha kazi. Jambo lile lilimkaa. Akimwona mtu amesimama karibu na kazi yake, hata mtoto, alikuwa analaza mkono juu ya karatasi.

Alipofariki kwa homa, wewe ulikuwa bado unajifunza kuvaa viatu. Aliacha mashine moja iliyokamilika, iko Mpapura kwa kikundi cha akina mama wabanguaji, na alikuwa ameshawaahidi nyingine. Kessi na Chilumba walikuja msibani, wakanihakikishia kwamba ahadi ya marehemu itatimizwa. Kila mmoja akatengeneza sehemu yake kwa karatasi aliyoachiwa. Wakaleta, wakaunganisha hapa uani mchana kweupe, mimi nikiwa nimekaa eda ndani nachungulia dirishani.

Kikundi kilimtuma binti mmoja, Fatuma, aje kuijaribu. Akaweka korosho, akakanyaga. Kisu kilishuka kupita kiasi. Korosho ikasagika ganda na kiini pamoja, na mafuta yakaruka yakampata shavuni na kwenye kope. Alipiga ukelele ambao sitausahau.

Hapo ndipo tulipoanza kutazamana kwa macho mabaya. Kessi alisema nguzo ya Chilumba ni fupi. Chilumba alisema mkono wa Kessi ni mrefu. Kila mmoja aliapa kwamba amefuata karatasi, na kila mmoja alipoambiwa aionyeshe alikataa. Kessi alikuwa na hakika Chilumba anataka kumwibia visu. Chilumba naye aliamini kwamba Kessi akiipata karatasi ya meza hatamhitaji seremala tena. Na mimi, mwanangu, nilimshuku Chilumba. Nilijiambia kwamba alikuwa anamwonea kijicho mume wangu siku zote, sasa amekufa anamharibia jina. Eda ilipokwisha nilikwenda mpaka karakanani kwake nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya wateja wake. Alikuwa anapiga randa. Akaiweka chini, akafuta vumbi mikononi.

"Shemeji," akasema, "nenda nyumbani."

Akaiokota randa, akaendelea na kazi. Mimi nikazidi kumshuku kwa sababu hakujitetea.

Aliyetutoa hapo ni Mama Asumini, kiongozi wa kile kikundi. Alikuja kutoka Mpapura na Fatuma, jicho la binti limefungwa kitambaa. Hakukaa. Akasema, "Nyinyi mnagombana nani kakosea. Sisi tunayo mashine ya marehemu, kila siku inabangua. Mbona hamji kuitazama hiyo?"

Nikamwomba ailete mjini tuifungue.

"Ailete nani? Mkishaifungua mtagawana vipande, kila mtu na chake, na sisi turudi kwenye mawe. Njooni kwetu. Itafunguliwa mbele ya macho yetu."

Tulikwenda kwa lori la korosho. Wanaume wale wawili hawakutaka kukaa bega kwa bega, ikabidi mimi nikae katikati, kila mmoja amekumbatia karatasi yake iliyoviringishwa kwenye gazeti. Ilikuwa wakati wa vita na Mreno ng'ambo ya Ruvuma. Kila mgeni aliulizwa anatoka wapi na amebeba nini, na kijana wa mgambo akatusimamisha njiani.

"Hizo ni nini?"

"Ramani," akasema Kessi, bila kufikiri.

Kijana akanyoosha mgongo. "Ramani ya wapi?"

"Si ya mahali. Ya mashine."

"Fungua."

Kessi akamtazama Chilumba. Chilumba akaitia yake kwapani. Hakuna aliyefungua, na wewe fikiria jambo hilo lilivyoonekana kwa yule kijana: watu wazima wawili wana ramani karibu na mpaka, na hawataki kuzionyesha. Akaita mwenzake. Wakatushusha. Nikaona kwamba tutalala ndani, si kwa ajili ya Mreno, bali kwa sababu hawa wawili wanaogopana.

Nilimpokonya Chilumba karatasi yake, nikaikunjua juu ya boneti. Kessi naye akaikunjua yake, lakini upande wa pili wa boneti, na akaikingia mwili. Kijana aliigeuza ile ya Chilumba huku na huku akitafuta mto. Mwishowe akauliza, "Hiki ni daraja?"

"Hicho ni kikanyagio, baba," nikamwambia. "Cha kubangulia korosho."

Dereva akatuthibitishia, tukaachiwa. Karatasi zikaviringishwa haraka haraka, tukapanda tena lori.

Akina mama walikuwa wametusubiri barazani kwenye ghala lao. Mama Asumini alikuwa ameshapanga mambo. Kila kipande kitakachotolewa kitawekwa mapajani mwa mwanamke mmoja, ndani ya kanga yake, na hataondoka alipo mpaka kirudi mahali pake. Ndivyo ilivyofanyika. Kessi alikuwa anafungua nati, anamkabidhi mwanamke, mwanamke anakunja kanga na kukaza macho kama aliyepewa mtoto wa mtu. Mmoja alipata kikanyagio, mwingine mkono wa chuma, mwingine kisu cha chini. Fatuma alipewa nati zote.

Walipoinyanyua nguzo kutoka kwenye meza, kikaanguka kitu. Kipande cha bati nene, kimekatwa vizuri, kimepigwa tupa kingo zote.

Kessi akakiokota. "Hiki si changu."

"Wala changu," akasema Chilumba.

Wakakirudisha chini ya nguzo, nguzo ikapanda. Wakakitoa, ikashuka, na kisu cha juu kikashuka nayo, vile vile kilivyoshuka siku aliyoungua Fatuma. Walifanya hivyo mara kadhaa. Kisha Chilumba, wa kwanza, akaitandaza karatasi yake chini barazani, akakaa kando ili Kessi aone. Kessi alisita. Akaitandaza yake pembeni ya ile.

Ndipo ilipoonekana. Nguzo ilichorwa fupi kwa makusudi. Mkono ulichorwa urefu usiopatana nayo. Kila fundi alifuata karatasi yake sawasawa, na kwa kufuata sawasawa asingeweza kamwe kupata mashine inayofanya kazi. Bati lile ndilo lililopatanisha, na bati lile baba yako alikuwa analikata mwenyewe, akiwa amejifungia uani. Hakulichora mahali popote. Alikuwa ametega mtego ili asipokuwepo yeye, mashine isiwepo.

Na siku moja hakuwepo.

Chilumba alikuwa ameliweka lile bati kiganjani. Akasema kwa sauti ndogo, "Ntu huyu nimekula naye sahani moja."

Nilitaka kumtetea baba yako. Nilitaka kuwaeleza habari za karakana ya reli na breki za mabehewa. Lakini mbele yangu alikuwa amekaa Fatuma na nati mapajani, na kidonda bado hakijakauka. Niliweza kumwambia Chilumba neno moja tu, "Nisamehe shemeji," naye akatikisa kichwa, sijui ni kukubali au kukataa. Hata leo sijui. Ametutengenezea kitanda na milango ya nyumba hii, lakini chai yangu hainywi mpaka amalize kwanza kazi na awe karibu kuondoka.

Mama Asumini ndiye aliyesema ichorwe karatasi moja, nzima, yenye vipimo vya kweli, na kila upande uwe na nakala, kikundi chake kikiwemo. "Akifa mwingine," akasema, "tusije tena kunyosheana vidole."

Kessi alikubali kabla Chilumba hajafungua mdomo. Alikubali upesi mno. Mimi niliuona upesi ule, nikamtazama usoni, naye akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nilijua. Sikuwa na ushahidi, lakini nilijua. Nilikuwa naweza kusema hapana, na kwa vile mimi ni mke wa marehemu wangenisikiliza. Nilipotazama vidole vya wale wanawake walioshika vile vipande, nikasema sawa.

Chilumba aliichora. Mashine mpya zikatengenezwa, zikafanya kazi, na zipo mpaka leo.

Kessi aliondoka Mtwara msimu uliofuata, akauza tanuri, akahamia Morogoro. Haukupita muda mrefu, mjomba wako Bakari, kuli wa bandarini, akaja hapa amekasirika. Walikuwa wameshusha mizigo kutoka Dar es Salaam, kasha moja likapasuka, ndani yake mashine ya kubangulia korosho, yenye jina la karakana ya Kessi. Nikamuuliza anajuaje kama ni yetu. Akasema kwenye ncha ya mkono wa chuma kuna mwezi mchanga umechongwa. Baba yako aliuchonga mwezi ule kwa kujifurahisha tu, hauna kazi yoyote. Chilumba aliuchora kwa heshima ya marehemu. Na Kessi aliunakili pamoja na vingine vyote.

Kwa hiyo baba yako hakuwa mwendawazimu, Selemani. Alichokihofia kilitokea, na kilifanywa na mtu yule yule aliyekuwa anamficha. Nataka ulijue na hilo. Usije ukadhani mama yako anakuandikia kukuambia watu ni wema, uwape kila kitu. Watu nawaogopa. Hata hao wa kiwanda chako siwajui, na barua yao ya kukuita kazini niliisoma mara nyingi nikitafuta hila ndani yake. Utakaa na watu ambao wataichukua karatasi yako kwa tabasamu, nawe utaona kitu machoni mwao. Ukikiona, usijidanganye kwamba hujakiona.

Ila baba yako alikuwa na njia nyingine, na hakuiona kwa sababu ya machungu. Angeweza kumwambia Kessi usoni, "Wewe sikuamini, mchoro sikupi." Kessi angenuna, wangetafuta fundi mwingine hata Lindi, mashine ingechelewa. Lakini binti wa watu asingeungua kwa kipimo cha uongo kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri. Usipotaka kumpa mtu mchoro, mnyime, ajue umemnyima. Ukishampa, uwe wa kweli mpaka kwenye bati la mwisho. Hilo tu ndilo ninalokuomba, na nakuomba kwa sababu nimekuona. Siku zile ulipokuwa unajiandaa na mtihani, nilipita na chai, ukalaza mkono juu ya karatasi. Hukujua hata kama umefanya hivyo.

Sasa nimalizie na jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, Kessi alibisha hodi hapa. Wewe ulikuwa shuleni. Amezeeka, shati limemzidi. Nilimjibu nikiwa mlangoni, sikusogea. Akasema mashine zake za Morogoro amezipeleka sehemu ambako korosho ni ndogo kuliko zetu, na zinasaga. Wanawake wanazikataa, na wawili wameumia. Alikuwa amesikia kwamba mimi na Chilumba tumebadilisha visu kwa ajili ya korosho ndogo. Ni kweli, akina mama wa Mpapura walilalamika miaka kadhaa iliyopita, tukahangaika nao mpaka tukapata.

"Shemeji," akasema, "nijuze mlichokifanya."

Nilimwacha asimame juani. Nilijiuliza kama hao wanawake wawili wapo kweli, au amewabuni kwa kuwa anajua udhaifu wangu. Nikamuuliza majina yao. Akayataja bila kufikiri, na mmoja akaniambia anatumia mkono wa kushoto. Hata hivyo sikuwa na hakika. Mwongo hodari naye huandaa majina.

Halafu nikakumbuka kwamba naweza kumpa kipimo cha uongo. Wazo lilikuja tamu kabisa, mwanangu, nitasema kweli. Punje ndogo tu, kama unene wa bati. Angerudi Morogoro akiwa na furaha, na mashine zake zingemfia mikononi.

Nilimtajia kipimo cha kweli. Nikamweleza pembe ya kisu, namna ya kukipinda, na kwamba springi inayourudisha mkono juu nayo lazima ilegezwe, jambo ambalo hakuwa ameuliza. Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Alipomaliza alinyanyua macho akatazama ndani ya nyumba, kwenye kiti cha baba yako, kama mtu anayesubiri neno moja zaidi.

Nikamwambia safari njema, nikafunga mlango. Sikumkaribisha ndani, wala maji sikumpa.

Mama yako,
Somoe